Duka la spea lililopotea Google baada ya kupata tovuti mpya

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya watengenezaji wa tovuti na wafanyabiashara wanaowalipa. Jina la duka, mtaa na anwani nimeviondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mwenyewe nimeyabadilisha. Makosa nimeyaacha yalivyo, likiwemo moja langu.

## Usuli

Mwenye duka, nitamwita Mzee, anauza spea za magari ya Kijapani Dar es Salaam, jumla na rejareja. Nusu ya wateja wake hawajawahi kutia mguu dukani. Ni mafundi na wenye gereji wa Mbeya, Songea na Kahama, na wengine wako ng'ambo ya mpaka, Lubumbashi. Wanapiga simu kuulizia beringi au shokapu, wanatuma hela kwa simu, mzigo unapandishwa basi.

Fundi wa namna hii hatafuti "duka la spea". Anachukua kifaa kilichokufa, anakifuta grisi kwa kitambaa, anasoma namba iliyochapwa ubavuni na kuiandika Google kama ilivyo. Spea za Toyota, kwa mfano, huwa na namba yenye mafungu mawili ya tarakimu tano tano, kistari katikati, na mara nyingine herufi ndani yake. Namba hiyo haijali kama fundi anasema Kiswahili au Kifaransa. Duka ambalo ukurasa wake umeiandika ndilo linalopigiwa simu.

Tovuti ya zamani ilijengwa na mpwa wa Mzee miaka mingi nyuma, kwa PHP, na ilikuwa mbaya kwa macho. Jedwali lenye mistari ya kijivu, maandishi ya bluu, picha za spea zilizopigwa juu ya meza ya duka huku kikombe cha chai kikionekana pembeni. Lakini kila spea kati ya 873 ilikuwa na ukurasa wake wenye anwani yake, na juu ya ukurasa paliandikwa jina la kifaa, namba yake, gari linaloitumia, bei, na namba ya simu ya duka. Mpwa hakuwa amesoma lolote kuhusu injini za utafutaji. Aliandika tu kile ambacho mteja angeuliza.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kwenye simu. Ili usome bei ulilazimika kukuza ukurasa kwa vidole na kuuvuta huku na huku. Mzee alipoonyeshwa tovuti ya jirani yake inavyoteleza kwenye simu, aliona aibu. Hapo hakukosea: Google yenyewe sasa huzisoma tovuti kwa jicho la simu, mabadiliko iliyoyatangaza 2016 na kuyamalizia 2024. Kutaka tovuti inayosomeka kwenye simu lilikuwa wazo sahihi.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kuingia kwenye kisa. Dada anayepokea simu dukani alikuwa na kaunta buku. Kila simu mpya aliiandika kwa mstari mmoja: tarehe, mkoa, spea, na safu ya mwisho yenye kichwa "katupata wapi". Humo mlikuwa na "Google", "fundi mwenzake", "anatujua", "Facebook". Hakuna aliyemwagiza. Bila buku hilo nisingekuwa na cha kuandika hapa.

## Yaliyotokea

Kazi ilipewa vijana wawili wazuri, wenye mkono mwepesi. Baada ya miezi miwili walileta tovuti iliyojengwa yote kwa JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha mteja: ukurasa mmoja unaopakuliwa mara moja, kisha kila unachobonyeza kinabadilika bila kusubiri. Picha safi, rangi mbili tu, menyu inayoteleza. Mimi sikuwa kwenye kazi hiyo, ila Mzee alinionyesha kwenye simu yake nikasema, "Hii safi, Mzee." Nilisema nikiwa nimeitazama kwa dakika mbili, kama vile mtu anavyotazama gari kwa kuligonga bodi.

Tovuti ilipandishwa Ijumaa jioni, mwisho wa Februari, na ya zamani ikafutwa usiku huo huo ili kupata nafasi kwenye seva ya kukodi.

Wiki ya kwanza haikuonyesha kitu. Roboti wa Google, yaani programu inayozunguka mtandaoni kusoma kurasa, hapiti kila ukurasa kila siku. Matokeo ya zamani yalibaki kwenye orodha na watu waliendelea kupiga. Wiki ya tatu dada wa simu alimwambia Mzee kwamba simu zimepungua. Ilikuwa ndani ya Ramadhani, Mzee akasema mji mzima umepoa. Wiki ya tano Ramadhani ilikuwa imekwisha na simu zilikuwa zimepungua zaidi. Vijana wakashauri matangazo ya kulipia. Mzee akalipa. Simu zikaja, kisha siku hela za matangazo zilipokwisha zikakatika kama bomba lililofungwa.

Nilipoitwa, wiki ya saba, nilikaa na lile buku mchana mzima nikihesabu kwa penseli. Januari na Februari, mistari yenye neno "Google" ilikuwa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku. Wiki ya saba ilikuwa miwili, mitatu, siku nyingine hakuna.

Kulikuwa na dalili iliyoonekana tangu siku ya kwanza. Dada alizoea kumtumia mteja kiungo cha spea kwa WhatsApp, na zamani kiungo kilikwenda na picha na jina la kifaa. Sasa kila kiungo, cha plagi au cha gasketi, kilikuja na kichwa kile kile: jina la duka. Wateja walimuuliza, "Dada, mbona umenitumia dukani kwenu tu? Spea iko wapi?" Aliwaambia vijana. Wakamjibu kwamba hilo ni tatizo la WhatsApp.

## Uchunguzi

Nilianza pale ambapo roboti huanzia: nikafungua chanzo cha ukurasa, yaani HTML inayotoka kwenye seva kabla kivinjari hakijaifanyia kazi. Palikuwa na jina la duka, kisanduku kitupu, na mstari unaoita faili kubwa la JavaScript. Hakuna spea hata moja.

Vijana walikuwa na jibu, na jibu lao lilikuwa na ukweli: Google inasoma JavaScript. Tangu 2019 roboti wake hutumia toleo la kisasa la Chromium, kivinjari ambacho Chrome imejengwa juu yake. Huchukua HTML kwanza, kisha huuweka ukurasa kwenye foleni na baadaye kuufungua kama kivinjari kingefanya. Kwa hiyo ukurasa mtupu kwenye chanzo si hukumu ya kifo. Ila una masharti, na tovuti hii iliyavunja karibu yote.

La kwanza lilionekana nilipoingiza anwani ya mwanzo kwenye zana ya ukaguzi ndani ya Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya kurasa zake kwenye utafutaji, na kuomba picha ya kile Google inachokiona. Picha ilikuja: rangi nzuri, menyu, na katikati gurudumu dogo la "subiri" ambalo halikuisha kuzunguka. Orodha ya spea haikufika. Chini yake zana ilitaja faili zilizoshindikana kupakuliwa, na sababu ilikuwa robots.txt, faili linalowaambia roboti wapi wasiingie. Vijana walinakili faili hilo kutoka kwenye mradi mwingine, na ndani yake mlikuwa na mstari wa kufunga njia ya /api/. Data yote ya spea ilipita kwenye /api/. Roboti anapoufungua ukurasa anaitii robots.txt hata kwa vitu vinavyoitwa na ukurasa wenyewe. Akikatazwa mlango wa data, anaona gurudumu. Kivinjari cha mteja hakijali faili hilo, ndiyo maana binadamu hakuna aliyeliona tatizo.

Nilidhani nimemaliza. Nilifuta ule mstari, nikasubiri siku moja kwa sababu Google huweza kuendelea kutumia nakala ya robots.txt iliyoihifadhi kwa hadi saa 24, nikajaribu tena. Spea zikaonekana, ishirini na nne za kwanza. Nikampigia Mzee kwa furaha. Zikapita siku kumi na hakuna kilichobadilika, maana niliondoa pazia la mbele tu.

Tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye anwani. Kila spea ilifunguka kwa anwani yenye alama ya # katikati, na jina la spea likiwa nyuma ya hiyo alama. Kinachofuata # hakitoki kwenye kivinjari. Hakipelekwi kwenye seva, na Google haikihesabu kuwa ni ukurasa mwingine. Kulikuwa na mpango wa zamani wa kuzisoma anwani za aina hiyo, uliotolewa na Google 2009, lakini iliutelekeza 2015. Kwa hiyo kurasa 873 ziligeuka kuwa ukurasa mmoja. Na hapo hapo ile dalili ya WhatsApp ikajieleza: dada alipotuma kiungo cha gasketi, kilichosomwa ni kile cha kabla ya #, yaani mlango wa duka. WhatsApp haikuwa na kosa.

Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini alichagua #. Jibu lake linafaa kusikilizwa. Alipotumia anwani za kawaida, mteja akisasisha ukurasa wa spea seva ilimjibu kwamba ukurasa haupo, kwa kuwa seva haikuwa na faili hilo; ni JavaScript tu iliyolijua. Seva ilikuwa ya kukodi, ya kugawana na watu wengine, na hakujua namna ya kuielekeza. Alama ya # iliondoa tatizo kwa dakika tano. Mtu mwenye tarehe ya kukabidhi kazi angefanya hivyo hivyo.

Nyuma ya hilo kulikuwa na mengine. Kadi za spea hazikuwa viungo. Zilikuwa visanduku vyenye onclick, agizo linalosubiri mtu abonyeze, na roboti habonyezi. Hufuata kiungo cha kweli, chenye href na anwani ndani yake. Spea za baada ya ile ya ishirini na nne zilikuja mteja anaposogeza ukurasa chini, na roboti hasogezi ukurasa. Kisha bei. Ukibonyeza spea, dirisha lilifunika skrini nzima likiuliza uko tawi gani, Dar, Mwanza au Mbeya, kwa kuwa bei hutofautiana na nauli ya mzigo. Maelezo na bei havikuitwa kutoka kwenye seva mpaka uchague. Roboti hachagui, wala hatunzi kuki, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kila ukurasa anaufungua kama mgeni asiyewahi kufika. Vijana walikuwa wameanza kuzungumzia tawi kujichagua lenyewe kulingana na mahali mteja alipo. Niliwaomba wasifanye, kwa sababu roboti wa Google huja zaidi kutoka Marekani, na sijui Marekani wangemtupia tawi lipi.

Lakini lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja lilikuwa namba za spea. Zilikuwa ndani ya picha! Mzee mwenyewe aliagiza hivyo. Majirani walikuwa wakinakili orodha yake kutoka tovuti ya zamani, na akaona namba ikiwa sehemu ya picha hawataweza. Majirani waliendelea kunakili kwa macho na kalamu. Aliyeshindwa ni Google, na nyuma yake fundi wa Songea mwenye kifaa chenye grisi mkononi.

Mwisho, anwani za zamani. Mamia yake yalikuwa bado yamekaa kwenye matokeo ya utafutaji, na mengine yametajwa kwenye kurasa za mafundi huko nje. Yote yalipelekwa kwenye ukurasa wa mwanzo kwa kanuni moja iliyowekwa kwenye paneli ya seva. Nia ilikuwa njema, mteja asikutane na ukuta. Google ikiona kurasa mia kadhaa tofauti zote zinaishia mlango mmoja usiozungumzia kitu kile kile, huzichukulia kama kurasa zisizokuwepo, na sifa zote zilizokusanya kwa miaka hazihamii popote.

## Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na njia tatu mezani. Kurudisha tovuti ya zamani: Mzee alikataa kabla sijamaliza sentensi, na kwenye simu ilikuwa mbovu kweli. Kulipia huduma ya kati inayompa roboti nakala iliyokwisha kufunguliwa: ingefanya kazi, lakini ni ada ya kila mwezi kwa ajili ya kufunika kosa, na anwani za # zisingepona. Ya tatu ilikuwa kubakiza sura yote ya vijana, rangi na menyu, lakini kurasa zenyewe zitengenezwe mapema kama faili za HTML, moja kwa kila spea.

Tulichagua ya tatu kwa sababu moja ya kibiashara: orodha ya spea za Mzee hubadilika mara moja kwa siku, jioni, dada anapoingiza mzigo mpya. Hakuna haja ya JavaScript kuuliza seva bei kila sekunde wakati bei ilishaamuliwa jana. Programu fupi husoma orodha usiku na kuandika kurasa zote upya. Seva ile ile ya kukodi ilitosha, na ile shida ya kusasisha ukurasa ikaondoka yenyewe kwa kuwa sasa faili lipo kweli.

Anwani zikawa za kawaida, zenye jina la kifaa na namba yake. Namba ikatoka kwenye picha ikaja kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye maelezo, ikiandikwa kwa namna mbili, yenye kistari na isiyo nacho, kwa sababu kwenye buku la dada niliona mafundi wanaandika kote kuwili. Hapa Mzee alibisha siku mbili. Kilichomlainisha ni swali la dada mwenyewe: "Mzee, jirani akijua namba atapata mzigo wapi?" Namba ni ya kiwanda, mali ya Mzee ni stoo.

Kadi zikawa viungo vya kweli. Orodha ndefu ikagawanywa katika kurasa zenye namba, kila moja na anwani yake, huku kwenye simu ikiendelea kuteleza kama awali. Dirisha la tawi likaondolewa. Bei ya Dar inaonekana kwa kila anayefika, na chini yake kuna mstari unaosema nauli ya Mwanza na Mbeya.

Kwa anwani za zamani tulihitaji jedwali la kulinganisha, na tovuti ya zamani ilikuwa imefutwa. Mpwa alikuwa na nakala kwenye flashi, ndani ya droo yenye misumari na leseni iliyoisha muda. Kati ya spea 873 za zamani, 791 zilikuwa bado zinauzwa; kila moja tukaielekeza kwa ukurasa wake mpya kwa jibu la 301, la kuhama kwa kudumu. Zile 82 zisizouzwa tena tukaziacha zijibu ukweli, kwamba hazipo, pamoja na ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia na namba ya simu. Mzee alitaka zipelekwe mwanzo. Nilikataa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani zake zote kwa ajili ya roboti, tuliiandika pia, faili moja. Kiwango cha juu kwa faili ni anwani 50,000, sisi tulikuwa na chini ya elfu moja. Tarehe ya mabadiliko tuliiweka pale tu ukurasa ulipobadilika kweli. Sehemu ya kutaja ukurasa upi ni muhimu zaidi hatukuijaza, maana Google imesema wazi kwamba haiiangalii.

## Matokeo

Tulipandisha Jumatano asubuhi, si Ijumaa. Na hapa linakuja kosa langu.

Wakati wa ujenzi nilikuwa na nakala ya majaribio, na kwenye kila ukurasa wake niliweka noindex, agizo la kumwambia roboti asiuweke ukurasa kwenye orodha. Swichi ya kuondoa agizo hilo ilikuwa kwenye programu ya usiku. Nilisahau kuigeuza. Kwa siku nne tulikuwa na tovuti iliyo safi kila kona, inayomwambia Google kwa adabu kwamba asiiandike. Jumapili nilifungua Search Console nikakuta kurasa zinaongezeka kwenye fungu la "zimezuiwa na noindex", na ukurasa wa mwanzo, uliokuwa umesalimika katika misukosuko yote ya vijana, ulikuwa umeondoka kwenye matokeo. Ukiandika jina la duka ulipata ukurasa wao wa Facebook na orodha ya mtu mwingine ya namba za simu. Nilimpigia Mzee usiku ule ule. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kijana wangu, nawe?"

Agizo likaondolewa, ukurasa wa mwanzo ukarudi ndani ya siku tatu. Kurasa za spea zilianza kuingia kidogo kidogo wiki ya pili. Baada ya miezi miwili zilikuwa zaidi ya 600. Buku la dada lilionyesha "Google" tisa au kumi kwa siku, na simu ya kwanza kutoka Lubumbashi tangu Machi ilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Haikurudi yote. Kurasa zaidi ya 100 Google imezitembelea na kuamua kutoziweka. Nyingi ni za spea zinazofanana sana, pedi za breki za gari moja kwa miaka tofauti, ambazo ukurasa wake una jina, namba na bei tu. Hilo si tatizo la muundo tena. Ni kwamba hatujaandika la kutosha la kuzitofautisha. Na kuna maduka mawili yaliyochukua nafasi yetu katika wiki zile saba ambayo hayajashuka.

## Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni kaunta buku. Vijana walikuwa na takwimu za tovuti, tena nzuri, na zilionyesha kwamba wageni wanakaa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Ilikuwa kweli. Waliobaki walikuwa wateja wanaolijua duka, waliokuja kwa jina. Bila shaka hao hukaa. Waliopotea hawakufika, kwa hiyo hawakuhesabiwa. Safu ya "katupata wapi" ndiyo pekee iliyowahesabu.

Kilichoturudisha nyuma zaidi ni kwamba makosa yalipangana kama vitunguu, ganda juu ya ganda. Nilipofungua robots.txt na kuona spea ishirini na nne zikitokea, nilisimama. Nilipoteza siku kumi kwa kuridhika na ganda la kwanza. Ningefanya tofauti: kabla ya kugusa kitu ningechagua spea moja, tuseme gasketi fulani, na kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho nikiuliza roboti anaifikiaje. Je, kuna kiungo chenye href kinachokwenda kwake? Anwani yake ni ya pekee? Anapofika, je, jina, namba na bei vipo bila kubonyeza? Spea moja ingenionyesha maganda yote katika saa moja.

Nililijaribu pia dirisha la tawi vibaya. Kwenye kompyuta yangu halikutokea, kwa sababu nilikwisha kuchagua Dar siku ya kwanza na kivinjari kilikumbuka. Lilijitokeza tu nilipofungua dirisha la faragha. Tangu hapo kila tovuti naikagua mara mbili: mara moja kwa dirisha la faragha, mara ya pili JavaScript ikiwa imezimwa. Ya pili ni kali kuliko Google ilivyo, lakini kuna roboti wengi wasiotumia JavaScript kabisa. Wanaochukua picha na kichwa cha kiungo kwa ajili ya WhatsApp na Facebook ni miongoni mwao, na kwa duka la Dar es Salaam hao si wa kudharau, maana nusu ya biashara inapita kwenye soga za simu.

Kuhusu vijana, sikubaliani na Mzee aliyetaka warudishe hela. Nilisoma makubaliano yao: yanataja rangi, kasi, kurasa za simu, na tarehe. Utafutaji haumo, wala anwani za zamani hazimo. Mtu aliyeagiza suti hawezi kumlaumu fundi kwa kukosa mfuko ambao hakuuomba, ingawa fundi mzoefu angemuuliza. Kosa ambalo nawawekea wao ni jibu la "tatizo la WhatsApp". Dada alileta ushahidi siku ya kwanza na akarudishwa nao.

Walikuwa na kisa chao kidogo pia, ambacho nakitaja kwa kuwa kinawakuta wengi. Nakala yao ya maonyesho waliiacha wazi kwenye anwani ya kampuni yao, na Google ikaichukua. Watu wawili waliwapigia simu vijana wakitaka shokapu. Wakaifunga kwa robots.txt na kuweka noindex juu yake kwa pamoja. Hivyo viwili vinapigana. Roboti aliyekatazwa kuingia hawezi kuisoma noindex iliyoko ndani, na anwani anayoijua anaweza kuendelea kuionyesha bila maelezo. Faili la robots.txt tangu lilipobuniwa 1994 linazungumzia kutembelea, halizungumzii kuorodhesha. Ilibidi kuufungua mlango ili roboti asome agizo la kuondoka. Siku hizi nakala zangu zote za majaribio zina nenosiri, na swichi ya noindex ina ukaguzi wake: programu ya usiku inagoma kupandisha tovuti ikikuta agizo hilo kwenye ukurasa wowote. Iliwahi kugoma mara moja.

Matangazo ya kulipia yalikuwa uamuzi mbaya zaidi wa kifedha. Matangazo ni chombo kizuri, ila yalificha ugonjwa kwa wiki mbili: buku liliandika "Google" kwa simu za matangazo na za utafutaji bila kutofautisha, na kila mtu akapumua. Dada sasa ameigawa ile safu kwa mstari wa wino, upande mmoja "Google", upande mwingine "Google tangazo", na humuuliza mteja kama aliona neno la kulipiwa juu yake. Wengi hawakumbuki.

Mzee bado anataka dirisha la tawi lirudi. Anasema wateja wa Mwanza wanalalamikia nauli baada ya kuona bei ya Dar. Nimemwahidi kisanduku kidogo juu ya bei, kisichofunika kitu, na tumekubaliana kukiweka kwenye pedi za breki peke yake kwanza.